Usiku Juu ya Tatami: Mwongozo kwa Maswahibu Waendao Japani

Mkiazimu, wewe na sahibu zako, kwenda Japani, na raghba yenu ikiwa ni kuonja maakuli ya wenyeji, kuziona desturi zao na kulala katika malazi yao ya jadi, basi uanzeni mpango wenu kwa jambo ambalo wasafiri wengi huliacha mwisho, nalo ni nyumba ya kulala. Mji mtakaofikia, treni mtakayopanda na saa mtakayokula, yote hayo katika safari ya namna hii huifuata nyumba, wala nyumba haiyafuati. Ryokan, nyumba ya wageni ya jadi ya nchi ile, si mahali pa kutua mizigo na kutoka kutembea hadi usiku wa manane. Chakula cha jioni, hamamu, tandiko na staftahi hutolewa pamoja kwa malipo mamoja, na kila kimoja kina saa yake, hata mgeni anayebisha hodi saa mbili za usiku huwa amekwisha kuikosa sehemu kubwa ya kile alichokilipia. Kwa kauli yangu, usiku mmoja katika nyumba kama hiyo, uliofikiwa mapema na kukaliwa kwa utulivu, una faida kuliko siku tatu za kukimbilia mahekalu huku mtu akitazama saa yake.

Nyumba hizi ni kongwe kwa kiasi cha kustaajabisha. Nishiyama Onsen Keiunkan, iliyo katika milima ya Yamanashi, husemwa kuwa ilianza mwaka 705, na Hoshi, iliyo Awazu katika mkoa wa Ishikawa, mwaka 718, nazo hadi leo hujulikana kwa ukongwe huo. Walakini ukongwe si sharti la wema, wala bei kubwa si dhamana yake. Ryokan ya wastani hutoza aghalabu kati ya yeni 15,000 na 30,000 kwa kila mtu kwa usiku mmoja, milo miwili ikiwa ndani yake, na zile mashuhuri hupanda mbali zaidi ya hapo. Walio na mfuko mwembamba huenda minshuku, nyumba ya familia inayopokea wageni, ambako mama mwenye nyumba ndiye mpishi na kila mgeni hujitandikia mwenyewe; na walio na hamu ya utulivu huenda shukubo, malazi yaliyomo ndani ya mahekalu na kutunzwa na watawa. Zingatia kwamba malipo huhesabiwa kwa kichwa wala si kwa chumba, lakini watu watatu au wanne wakilala chumba kimoja, sehemu ya kila mmoja hupungua. Na hii ndiyo sababu ya kwanza ya kwenda na marafiki, ijapokuwa si sababu iliyo bora.

Kwa maoni yangu, wanne ndio ukomo. Chumba hupimwa kwa idadi ya tatami, yaani mikeka minene ya majani ya mpunga iliyofunikwa kwa nyasi laini zilizosukwa, na chumba cha mikeka minane huwatosha watatu, cha mikeka kumi huwatosha wanne, magodoro yakitandikwa sakafuni bega kwa bega bila ya kiwambaza baina ya mtu na mtu. Usuhuba wa barazani ni mmoja na usuhuba wa chumba kimoja ni mwingine. Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata senti moja, kaeni pamoja muulizane bila ya haya: nani anakoroma, nani huamka kabla ya alfajiri kwa ajili ya sala, nani ana magoti yasiyoweza kukaa chini, ili atakiwe kiti kifupi cha kuegemea au chumba chenye kitanda, nani hawezi kuvua nguo mbele ya wenziwe, na nani hali kitu gani. Mteueni mmoja awe mshika mfuko, kila mtu atoe kiasi sawa kila mara mfuko unapokwisha, na mfuko huo ulipe treni, viingilio na milo ya pamoja tu. Vinywaji vya kulevya na viwe nje ya mfuko tangu siku ya kwanza, kwa kuwa si insafu asiyekunywa kumlipia anywaye, na nimeona nyuso zikikunjamana kwa jambo hili kuliko kwa jambo lingine lolote la safari.

Habari ya chakula ndiyo iliyo nzito, hasa kwa Mwislamu, na yataka kushughulikiwa wakati wa kuweka nafasi, si mezani. Mpishi wa ryokan hununua samaki na mboga kwa hesabu ya wageni waliojiandikisha, hupanga vyakula vyote mapema, na kumwomba abadilishe jioni ile ile ni kumtia mashakani bila ya faida. Nyama ya nguruwe ni rahisi kuiepuka, maana huonekana. Kilicho kigumu ni kile kisichoonekana, nacho ni sake ya kupikia na mirin, divai tamu ya mchele, ambazo huingia katika mchuzi, katika samaki wa kuchoma na katika mboga zilizotokoswa. Hata mchuzi wa soya wa chupa mara nyingine hutiwa kileo kidogo ili usiharibike. Andikeni barua fupi iliyo wazi, kwa Kijapani ikiwezekana, mseme: hatuli nguruwe, hatuli nyama isiyochinjwa kwa sharia, na twaomba chakula kisitiwe sake wala mirin. Nyumba nyingine zitajibu kwa adabu kwamba hawawezi, na jibu hilo ni la kushukuriwa, kwa sababu limewaokoa. Zitakazokubali zitawaandalia samaki wa kuchomwa kwa chumvi, wali, tofu na mboga, na hapo mtakula kwa moyo mweupe. Kaa ana hitilafu baina ya wanavyuoni, na mwenye kumwepuka amtaje katika barua hiyo hiyo. Asiyekula samaki kabisa naye ana tahadhari yake, kwani supu karibu zote hutokana na dashi, maji yaliyochemshiwa mwani wa konbu na vipande vya samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa hata akawa mgumu kama ubao.

Viza huombwa ubalozini, Dar es Salaam au Nairobi kwa walio karibu nako, na miongoni mwa karatasi zinazotakiwa ni ratiba ya kila siku na mahali pa kulala, jambo ambalo litawalazimisha kufanya yale niliyokwisha kuyausia. Epukeni juma la sikukuu linaloanzia mwisho wa Aprili hadi siku za mwanzo za Mei, katikati ya Agosti wakati wa kuwakumbuka wazee waliokufa, na Mwaka Mpya, kwa kuwa nyakati hizo Wajapani wenyewe husafiri na nyumba hujaa. Na mkiahirisha, jueni kwamba nyumba nyingi hutoza sehemu kubwa ya malipo kwa anayevunja ahadi siku za mwisho, na pengine yote, kwa sababu samaki wamekwisha kununuliwa.

Kwa wanaokwenda mara ya kwanza napendekeza Kinosaki Onsen, mji mdogo wa chemchemi za maji moto katika mkoa wa Hyogo, upande wa bahari ya kaskazini, mwendo wa treni wa saa mbili na nusu hivi kutoka Kyoto. Mapokeo ya wenyeji husema kwamba maji yake yalibubujika mwaka 720 kwa dua za mtawa aitwaye Dochi, aliyesali siku elfu. Mji uliteketea katika zilzala ya mwaka 1925, ukajengwa tena kandokando ya mto mwembamba wenye mierebi. Fadhila yake ni kwamba mji mzima huchukuliwa kuwa nyumba moja ya wageni: stesheni ndiyo mlango, barabara ndiyo ukumbi, na hamamu saba za umma ndizo bafu zake, ambazo aliyelala katika ryokan yoyote ya mji hupewa ruhusa ya kuingia bila ya malipo ya ziada. Kundi la marafiki hupata hapo jambo lisilopatikana katika hoteli za Tokyo, yaani jioni nzima isiyo na pahali pa kukimbilia, mkitembea taratibu kutoka hamamu hii hadi ile, mmevaa mavazi ya nyumba na viatu vya mti vinavyogonga mawe.

Fikeni saa tisa alasiri, ambayo katika barua ya nyumba huandikwa 15:00, na yule miongoni mwenu aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili asiisahau tofauti hiyo. Mlangoni mtakuta sehemu ya chini, na mbele yake sakafu iliyoinuka. Viatu huvuliwa huko chini, na mguu usio na kiatu ndio unaopanda juu, wala usikanyage chini kwa soksi ukapanda nazo. Ndara mtakazopewa ni za ushoroba tu: mlangoni mwa chumba huachwa nje, kwa kuwa tatami haikanyagwi kwa ndara, na chooni kuna ndara nyingine zisizotoka chooni. Watu wa mwambao, waliolelewa wakivua viatu mlangoni, hawatapata taabu kwa haya. Taabu ni ile ndara ya chooni, ambayo kila kundi lina mmoja anayerudi nayo hadi chumbani na kuchekwa. Mhudumu ataleta chai ya kijani na kitamutamu, ataulizia saa ya chakula, ataonyesha lilipo vazi la yukata. Vazi hilo hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia, kwa wanaume na wanawake sawasawa, maana kinyume chake ndivyo wavishwavyo maiti. Mizigo yenye magurudumu isiburutwe juu ya mikeka, na lile shubaka la ukutani lenye picha ya kuning'inia na ua moja chomboni si mahali pa kuweka mabegi.

Kisha hamamu, kabla ya chakula. Sharti lake kuu ni hili, kwamba maji ya birikani si ya kujisafisha bali ya kustarehe, na aingiaye humo awe amekwisha kuwa safi. Utaketi juu ya kigoda mbele ya bomba, utajisugua kwa sabuni, utajimwagia maji hata povu lote liishe, ndipo utakapoingia polepole, kwa kuwa joto lake ni kiasi cha digrii 40 hadi 42 na mwili haulizoei mara moja. Kitaulo kidogo hakitiwi majini; wenyeji hukiweka kichwani. Nywele ndefu hufungwa juu. Pete za fedha zivuliwe, kwani maji yenye kibiriti katika chemchemi nyingi za nchi ile huzitia weusi. Wanaume wana upande wao na wanawake wao, kila upande una pazia lake mlangoni, lakini nyumba nyingine hubadilisha pande hizo baina ya jioni na asubuhi, basi pazia lisomwe upya kila mara.

Ndani ya hamamu za pamoja watu huwa uchi kabisa, na nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Mwenye kushika amri ya sitara asijikalifishe wala asiwaonee haya wenziwe: aulizie hamamu ya faragha, iitwayo kashikiri, ambayo ryokan nyingi hukodisha kwa muda wa chini ya saa moja, bure au kwa malipo kidogo, na ndani yake mtu hujifungia peke yake, au mume na mkewe. Jambo hili nalo liingie katika barua ya mwanzo. Tena, katika sehemu nyingi mwenye chale za wino mwilini hakubaliwi, kwa kuwa chale hizo zilinasibishwa na majambazi. Kinosaki haina ukali huo katika hamamu zake za umma, lakini kwingineko huwa upo, na mwanamke aliyepakwa piko nyeusi kwa ajili ya harusi ya juzi huweza kudhaniwa kuwa na chale. Heri piko ingojee marejeo ya safari.

Chakula cha jioni huliwa saa kumi na mbili au saa moja, chumbani au katika ukumbi, nacho huja kwa utaratibu uitwao kaiseki: kwanza kidogo cha kufungua mdomo, kisha supu nyepesi, samaki mbichi aliyekatwa vipande, kilichochomwa, kilichotokoswa, na mwisho wali pamoja na supu ya miso na achari, baadaye tunda. Kila kimoja huletwa katika chombo chake, cha kaure au cha mti uliopakwa laka, na mpishi huchagua vyombo kwa majira ya mwaka kama anavyochagua mboga. Mgeni asiyejua hushiba kwa macho akangoja chakula chenyewe kije, ilhali ndicho alichokuwa akila. Kuanzia Novemba hadi Machi, Kinosaki ni mji wa kaa wa bahari ya baridi, na bei hupanda kwa sababu yake; mwenye kumpenda na aende wakati huo, na asiyempenda aende majira mengine, asilipe gharama ya raghba za watu.

Vijiti vya kulia havichomekwi wima katika wali, wala kipande cha chakula hakipokezwi kutoka vijiti hadi vijiti, kwa kuwa yote mawili ni ya matanga: wali wa namna ile huwekewa maiti, na mifupa ya aliyechomwa hupokezanwa hivyo. Bakuli la wali huinuliwa mkononi. Tambi huvutwa kwa sauti, na hapo mlezi wako akuwie radhi. Katika kunywa, hata ikiwa ni chai, hujimiminii mwenyewe. Wamimina cha jirani naye amimine chako, desturi iliyo nzuri kwa marafiki. Mkiwa mnakula ukumbini, au mkimaliza kula chumbani, mhudumu au mwenziwe huingia chumbani kuondoa meza na kutandika magodoro. Si kwamba mwafukuzwa.

Staftahi ya saa mbili asubuhi huwashangaza wengi kuliko chakula cha usiku: samaki wa kuchoma, wali, supu, yai, mwani mkavu, plamu chachu iliyotiwa chumvi, na natto, soya iliyochachushwa yenye nyuzi na harufu kali, ambayo mimi huipisha kwa jirani. Saa nne chumba hukabidhiwa. Hapatolewi bakshishi, na mwenye kuiacha mezani atakimbiliwa barabarani arudishiwe. Palipo na chemchemi kuna kodi ya kuoga, aghalabu yeni 150 kwa mtu. Mkitaka kuonyesha shukrani, tunu ndogo ya kwenu yatosha, na kanga inafaa mno, hasa kwa kuwa kanga nyingi zilizovaliwa mwambao katikati ya karne ya 20 zilichapwa huko huko Japani.

Usiku wa pili wa namna hii usifuate wa kwanza moja kwa moja. Kaiseki mbili mfululizo huchosha tumbo na mfuko. Laleni Osaka katika hoteli ya kawaida, mle pweza wa vidonge vya unga katika mtaa wa Dotonbori, lakini mle mkiwa mmesimama pale pale mlipouziwa, kwa sababu kula huku watembea si murua huko. Atakaye chakula cha halali bila ya kuuliza maswali atakipata katika mitaa ya Kobe, mwendo mfupi kwa treni, jirani na msikiti uliofunguliwa mwaka 1935, ulio mkongwe kuliko yote ya nchi. Tokyo nako kuna msikiti wa Waturuki wa mwaka 1938, uliojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2000.

Kutoka Osaka pandeni mlima Koya, kiasi cha mita 800 juu ya bahari, ambako mtawa Kukai alianzisha makao ya madhehebu ya Shingon mwaka 816. Mahekalu zaidi ya hamsini hulaza wageni. Chakula chake hakina nyama wala samaki, wala kitunguu wala thumu, bali tofu ya ufuta, tofu iliyogandishwa ikakaushwa, mboga za mlimani na uyoga. Mwislamu huona nafuu kubwa hapo, ingawa swali la sake na mirin hubaki pale pale. Chakula cha jioni huwa mapema, saa kumi na moja u nusu au kumi na mbili, na ibada ya watawa huanza alfajiri. Asiyeona vema kuhudhuria ibada isiyo yake abaki chumbani, wala hatalaumiwa. Wote na waende Okunoin, makaburi zaidi ya 200,000 chini ya mierezi mirefu, asubuhi kabla ya mabasi ya watalii. Chukueni nguo nzito, kwani milango ni ya karatasi na baridi ya huko haina mzaha.

Kwa njia hii niliyoieleza, tiketi ya treni ya siku saba, iliyopandishwa Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, haiwalipi. Nunueni tiketi za safari mojamoja. Mizigo mikubwa ipelekwe mbele kwa huduma ya kusafirisha mabegi, ambayo hoteli yoyote itawaagizia na ambayo huchukua siku moja au mbili, maana vyumba vya tatami havina nafasi yake na rafu za mizigo za treni ya mlimani ni nyembamba. Au yaacheni mabegi katika hoteli ya Osaka iliyo karibu na stesheni ya Namba, mpande Koya na kibegi cha usiku mmoja: treni za mlimani na zile ziendazo uwanja wa ndege wa Kansai zote hutoka stesheni hiyo hiyo, na ndege zenu za kupitia Dubai au Doha aghalabu huondoka usiku.